Goti zima lipimwe kwanza

Leo najibu ujumbe mmoja tu, maana mwenyewe ana miadi hospitali Jumatano ijayo na sitaki aingie mle ndani kichwakichwa kama nilivyoingia mimi. Amejiita Goti Moja. Ana miaka 24, yuko Morogoro, anacheza netiboli timu ya kazini. Nimemfupishia kidogo:

"Dada, mwezi wa tatu niliruka kudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja huku nimeshageuka kutoa pasi. Nikasikia 'pwa' ndani ya goti. Kufika jioni limevimba kama boga. Eksirei ikaonyesha mifupa haina kitu, nikaambiwa nimeteguka, nikapewa dawa za maumivu. Bibi wa jirani akanichua wiki mbili. Uvimbe ukaisha, nikawa natembea vizuri tu. Ila nikishuka kwenye bodaboda, au nikigeuka ghafla jikoni, goti linachomoka. Juzi daktari mwingine alinilaza, akalivuta goti kidogo, hata dakika mbili hazikuisha, akasema ACL imekatika, MRI ni ya kuangalia mengine. Nimepangiwa upasuaji. Mtu anajuaje kwa mikono kitu kilicho ndani ya goti? Na wakishanitengeneza, nitajuaje kama limekaza kweli, au nitaambiwa tu 'uko sawa' kama mwanzo?"

Pole sana, mdogo wangu. Na hongera kwa swali la pili. Mimi sikuliuliza, nikalipia.

Tuanze na ile eksirei. Haikukudanganya, iliulizwa swali lisilo lake. Eksirei huonyesha mifupa, na kilichokatika kwako si mfupa. Ndani ya goti mna kamba mbili ngumu zinazopishana, moja ya mbele na moja ya nyuma, na nje kuna nyingine mbili, kila ubavu moja. Madaktari huziita ligamenti. ACL ndiyo ile ya ndani ya mbele: inatoka kwenye mfupa wa paja, inapita mshazari katikati ya goti, inajishika juu ya mfupa wa muundi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele, na usizunguke kupita kiasi mtu anapogeuka. Sasa rudia maneno yako mwenyewe: mlio, uvimbe siku hiyo hiyo, na baadaye goti kuchomoka ukigeuka. Mzoefu akiyasikia hayo ameshashuku ACL kabla hajakugusa. Uvimbe unaokuja ndani ya saa chache mara nyingi ni damu, na goti lenye damu ndani halichuliwi. Bibi wa jirani msamehe, alitaka kusaidia.

Sasa mikono. Chukua mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti. Anakwenda, anakwenda, kamba ikiisha anasimama papo hapo, na wewe uliyeishika kamba unasikia "tap!" mkononi. Kamba hiyo ikikatika, mbuzi anaenda mbele zaidi, na hata akisimama anasimama polepole, amezongwa na vichaka tu. Daktari alipouvuta muundi wako alikuwa anasikiliza mambo hayo mawili: umekwenda umbali gani, na umesimamaje. Mimi naona la pili ndilo la kitaalamu zaidi. Umbali unaweza kumdanganya mtu, lakini ile "tap" ya kamba nzima haina mfano wake.

Kipimo chenyewe kinaitwa Lachman. Unalala chali, goti linakunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja unakamata paja juu kidogo ya goti, mwingine unakamata muundi kwa karibu, kidole gumba kikikaa juu ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya kilegesambwa. Halafu muundi unavutwa mbele, mvuto mfupi wa haraka. Ni hivyo tu. Jina ni la John Lachman wa Chuo Kikuu cha Temple kule Philadelphia, ila walioliandika jambo hilo likajulikana, mwaka 1976, ni Joseph Torg na wenzake. Na miaka 101 kabla yao, 1875, Mgiriki mmoja aitwaye Georges Noulis alishaeleza kitu hicho hicho katika tasnifu yake mjini Paris. Noulis wa watu hakuachiwa hata jina.

Kuna kipimo kingine cha zamani zaidi kwa mazoea, huenda ulishafanyiwa: goti linakunjwa nyuzi 90, daktari anaukalia unyayo wako kidogo, anauvuta muundi kwa mikono miwili. Kinaitwa kipimo cha droo, na kwa kweli unavutwa kama mtoto wa meza. Si kibaya, ila goti lililovimba halikubali kukunjwa hadi hapo, na misuli ya nyuma ya paja ikikaza kidogo tu, droo haifunguki ng'o. Ndiyo maana Lachman ndiyo inayoaminiwa zaidi.

Droo ina mtego mwingine. Tuseme iliyokatika ni kamba ya nyuma, si ya mbele. Muundi unakuwa umeshazama nyuma wenyewe kabla ya kuguswa. Ukivutwa unarudi tu mahali pake, na mwenye haraka anasema "umekwenda mbele, ACL hiyo". Kwa hiyo daktari makini kabla ya kuvuta hukulaza magoti yote mawili yamekunjwa, anainama, anayatazama kwa ubavu kama fundi anayetazama kama ukuta umenyooka. Ukimwona mtu anafanya hivyo, tulia. Uko mikono salama.

Sasa nije kwenye lililoniumiza mimi.

Nilikuwa na miaka 27. Mchezo wenyewe si wa kujivunia, mbio za magunia kwenye sherehe ya kazini. Nilitua vibaya, nikasikia mlio kama wako. Nilipokwenda kuonwa, yule aliyenipokea akashika goti bovu peke yake, akalitikisa, akasema, "Limelegea kidogo, kwa wanawake ni kawaida." Goti la pili hakuligusa. Nikafurahi, nikaenda zangu. Kwa miezi minane goti likawa linachomoka, kwenye ngazi, kwenye daladala, mara moja msikitini wakati wa kuinuka. Kila lilipochomoka lilikuwa linasaga meniskasi, zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo zinazokaa kati ya mifupa. Nilipofika kwa mtu aliyejua kazi, akaanza na goti zima. Akalivuta, "tap". Akahamia bovu, likaenda, likaenda. Akaniambia, "Umesikia tofauti?" Nilisikia. Kumbe kilichokuwa kinahitajika siku ya kwanza ni dakika moja zaidi na mguu wa pili.

Magoti ya watu hayafanani. Wako wenye viungo laini, wale wanaoweza kukilaza kidole gumba juu ya mkono. Magoti yao yote mawili hucheza na hawana ugonjwa. Wako wakavu kama mpini. Ukichukua goti moja ukaliuliza "umelegea?", halina la kujibu. Linalojibu ni ile tofauti kati yake na mwenzake. Na tofauti hiyo hupimwa kwa milimita. Kwenye fomu ya kimataifa ya madaktari wa goti, inayoitwa IKDC, tofauti isiyozidi milimita 2 ni goti la kawaida, 3 hadi 5 ni karibu na kawaida, 6 hadi 10 si kawaida, na zaidi ya 10 ni hali mbaya. Milimita 10 ni kama upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ndogo hivyo, na mtu anashindwa kushuka bodaboda.

Ipo mashine ya kupima hizo milimita, KT-1000, iliyotoka San Diego, Marekani, miaka ya 1980 kwa kazi ya daktari Dale Daniel. Inafungwa juu ya muundi, pedi moja inakaa kwenye kilegesambwa na nyingine kwenye kile kinundu, mpimaji anavuta mpini na mashine inalia kila mvuto ukifika kiwango. Mvuto wa juu wa kawaida ni nyutoni 134, karibu na uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa theluthi mbili. Usipoikuta hospitali kwenu usisononeke. Inapima kuvutwa tu, haipimi kuzunguka, na mikono yenye uzoefu inakadiria vizuri. Sharti langu ni moja: aliyekupima kabla ndiye akupime baadaye, ikiwezekana. Mikono miwili tofauti ni mizani mbili tofauti.

Na wewe uliyelala kitandani una kazi yako. Goti lililoumia lina hofu, misuli ya nyuma ya paja inakaza yenyewe na kuushika muundi usiende. Daktari atasema "legeza, legeza" na wewe utaapa umelegeza. Kichwa kikae kwenye mto. Ukiinua shingo kuchungulia anafanya nini, mwili mzima unakaza. Toa pumzi taratibu avute wakati unaitoa. Kama goti bado limevimba na linauma, ni haki yako kuomba upimwe tena baada ya wiki mbili hivi likishatulia. Jibu la siku ya kwanza kwenye goti lililojaa halina uhakika.

Kuna kipimo kimoja ambacho huenda hukufanyiwa vizuri, na usishangae. Ni kile cha kuiga jinsi goti linavyochomoka. Mguu unanyooshwa, unazungushwa kwa ndani, unasukumwa kutoka ubavu wa nje, kisha unakunjwa polepole. Kama ACL haipo, muundi unaanza ukiwa umetoka mbele, halafu goti likifika nyuzi 30 hivi unaruka kurudi mahali pake, "kuchu!", na daktari anauona na kuusikia. Galway, MacIntosh na mwenzao wa Toronto walikieleza mwaka 1972. Hicho ndicho kinachofanana na kile kinachokupata jikoni, kwa sababu kinapima kuzunguka, si kuvutwa tu. Lakini mtu aliye macho hakubali, akikionja mara moja cha pili hapewi mtu. Kwa hiyo kipimwe ukiwa umeshapigwa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, misuli imelala, kabla kisu hakijagusa ngozi. Jumatano muulize daktari wako: "Siku ya upasuaji utanipima nikiwa nimelala? Miguu yote miwili? Na utaandika?" Muulize kwa heshima, lakini muulize.

MRI kafanye, usiidharau. Itaonyesha meniskasi zikoje, gegedu ikoje, kamba za pembeni zikoje, na hayo yanabadilisha upasuaji wenyewe. Ila MRI ni picha ya goti lililolala. Haikuambii goti hilo likibebeshwa mwili wako na kugeuzwa litafanya nini.

Najua kuna msomaji mwingine hapo anauliza, "Dada, kwani lazima kukatwa?" Si lazima kwa kila mtu. Kule Sweden walichukua vijana 121 wanaojishughulisha na michezo, wakawagawa: wengine wapasuliwe mapema, wengine waanze na mazoezi tiba na upasuaji uwe akiba. Matokeo ya miaka 2 yalitoka mwaka 2010, na hali za makundi hayo mawili zilikuwa hazipishani kwa kiasi cha maana. Katika kundi la mazoezi, baada ya miaka 5 karibu nusu walikuwa wameishia kupasuliwa, nusu nyingine hawakuhitaji. Kwa hiyo wapo wanaoishi vizuri bila ACL, misuli imechukua kazi. Lakini Goti Moja, wewe goti linachomoka ukigeuza chapati. Kama umefanya mazoezi tiba ya kweli na bado linachomoka, sikuzuii. Kama hujafanya hata wiki moja, na kwenye barua yako sikuyaona, mwulize daktari kama yaanze sasa. Hata ukipasuliwa hayapotei, kwa sababu goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa halina uvimbe, linanyooka hadi mwisho na paja lina nguvu, hutoka vizuri kuliko lililoingia likiwa gumu.

Na hapa nakuomba ufanye jambo ambalo wengi hawalifanyi: upime mguu mzima sasa, kabla ya upasuaji. Nunua daftari. Siku ya mazoezi tiba mwombe fizio apime nguvu ya paja la mguu mzima, na umbali unaoruka kwa mguu huo mmoja. Uandike. Chukua futi ya fundi cherehani, upime mzunguko wa mapaja yote mawili, sentimita 15 juu ya kilegesambwa. Uandike. Sababu nitakuambia tukifika mbele.

Haya, umepasuliwa. Kamba mpya imetengenezwa kwa kano yako mwenyewe, ama ya misuli ya nyuma ya paja, ama ya chini ya kilegesambwa, ama ya juu yake. Daktari mzuri huijaribu hapo hapo mezani kabla hujaamka: Lachman tena, kuchomoka tena. Anapaswa kusikia "tap". Hayo nayo yaandikwe.

Halafu inakuja sehemu ambayo goti linakutania. Kano iliyopandikizwa imekatwa kutoka kwenye damu yake. Inabidi mwili uipelekee mishipa mipya na kuijenga upya iwe ligamenti. Katika miezi hiyo ya mwanzo inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Na wewe wakati huo huo maumivu yameisha, magongo umetupa, unajiona mzima. Mwezi wa tatu ndio mwezi wa watu kujiharibu. Kwa hiyo goti lisivutwevutwe na kila mwenye hamu. Una binamu anayesomea uuguzi? Mwambie asubiri. Avute daktari au fizio wako, kwa upole, kwa ratiba yao.

Wanapolipima baadaye, muulize namba, usikubali "liko sawa". Tofauti na goti zima ikiwa chini ya milimita 3, kamba imeshika. Ikizidi 5, kwa kawaida huhesabiwa kamba imeshindwa. Kati ya hapo, inategemea wewe unajisikiaje na namba inaelekea wapi. Aliyekuwa na 1 mwezi wa nne akafika 4 mwezi wa tisa nina wasiwasi naye kuliko aliyekuwa na 3 tangu mwanzo na hajasogea. Ndiyo maana ya daftari.

Na lipo kosa la upande wa pili ambalo halisemwi: goti kukaza mno. Nimeona watu wanajisifu "langu limekaza kama chuma" na halinyooki. Lala kifudifudi kitandani, miguu ining'inie kuanzia juu ya magoti, mtu akutazame visigino. Kisigino kimoja kikiwa juu kuliko mwenzake, goti hilo halijanyooka, na usisubiri miezi kumwambia daktari. Uvimbe nao jipime mwenyewe, hauhitaji mashine. Kaa mguu umenyooka, pangusa kwa kiganja ubavu wa ndani wa goti kuelekea juu, mara mbili tatu, kisha pangusa ubavu wa nje kuelekea chini huku macho yako yakiwa ndani. Ukiona kibonde cha ndani kimejaa kama wimbi dogo limerudi, kuna maji. Kikitokea kila baada ya mazoezi, mazoezi yamekuzidi.

Lakini sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hata mimi nilipojichanganya. Goti kukaza mikononi mwa daktari si goti kuwa tayari kwa netiboli. Daktari anapima kamba. Uwanjani unatumia kamba, misuli, unyayo, na kichwa. Nina rafiki mwenye milimita 4 anacheza hadi leo, na namjua mwingine ambaye kamba yake haina hata milimita moja ya kuchekwa, lakini akitua goti linaingia ndani kama mlango uliolegea bawaba. Huyo wa pili ndiye namwogopea.

Kwa hiyo kuna kuruka. Fizio akishakuruhusu, si kabla, unasimama kwa mguu mmoja, unaruka mbele unavyoweza, unatua kwa mguu huo huo na unatulia. Kuna wa kuruka mara tatu mfululizo, wa kuruka ukivuka mstari huku na huku, na wa kwenda mita 6 kwa kurukaruka. Mguu uliopasuliwa unalinganishwa na mzima. Mzima ukiruka sentimita 120 na huu 108, uko asilimia 90, na hicho ndicho kiwango wengi wanachokitaka, kwa kuruka na kwa nguvu ya paja. Sasa ile sababu niliyokuahidi: miezi yote hiyo hujacheza, mguu mzima nao umelegea. Kama kabla ya upasuaji ulikuwa unaruka 140 na leo unaruka 120, hiyo asilimia 90 yako ni ya kujidanganya. Ungekuwa na daftari ungejua unatafuta 126. Mwombe pia mtu akurekodi kwa simu ukitua, kwa mbele. Angalia goti, si umbali.

Muda nao. Watafiti wa Norway na Marekani walifuatilia wachezaji 106 waliopasuliwa ACL, wakachapisha mwaka 2016: kwa kila mwezi mtu aliochelewa kurudi hadi kufikia mwezi wa 9, kuumia tena kulipungua kwa asilimia 51. Kila mwezi! Sisemi ukifika mwezi wa 9 goti linajua tarehe. Nasema chini ya hapo usiniombe baraka. Mashabiki wa Arsenal mnakumbuka: Beth Mead aliumia Novemba 2022, Vivianne Miedema Desemba, Leah Williamson Aprili 2023, wote watatu wakalikosa Kombe la Dunia la wanawake la 2023. Mead alirudi uwanjani Oktoba, karibu miezi 11. Hao wana fizio wa kuamka nao na kulala nao. Timu ya kazini itakuambia nusu fainali ni mwezi wa tano. Ipigie makofi ukiwa benchi.

Na kichwa, wadogo zangu. Kuna dodoso la maswali 12, ACL-RSI, linalouliza kuhusu hofu na kujiamini tu, hakuna kuvuta wala kuruka. Wengi hulidharau. Lakini mkusanyiko wa tafiti uliotoka 2014 ulikuta asilimia 81 ya waliopasuliwa walirudi kwenye mchezo wa namna fulani, na ni 65 tu waliorudi kiwango chao cha zamani. Magoti ya wengi wao yalikuwa yamekaza vizuri, na hofu ni moja ya sababu zinazotajwa kila mara. Mimi mwenyewe mwaka mzima baada ya kuambiwa goti limepona nilikuwa nashuka ngazi za kazini kwa ubavu kama kaa. Ukijikuta hivyo mwambie fizio, si mama yako, maana mama atakuambia uache mpira.

Basi, Goti Moja. Jumatano vaa kaptura chini ya dera, ili magoti yote mawili yaonekane bila kuhangaika, na kama unaona haya omba muuguzi wa kike awepo, hakuna atakayekushangaa. Beba daftari na kalamu. Na daktari akinyoosha mkono kwenye goti bovu, mwambie kwa adabu: "Daktari, naomba uanze na hili zima."